Siku Kiboko Alipofanya Mazoezi ya Kufa

Nipokeeni jamani.
— Tumekupokea.
Nina mzigo wa uongo.
— Utue, tuugawane.

Ugawaneni polepole, na mnisamehe mapema. Aliyenisimulia hadithi hii alikuwa na sauti nzuri na meno yote. Mimi nina sauti ya mlango usiotiwa mafuta, tena huwa nacheka kabla yenu, tabia ambayo mwalimu wangu wa maigizo aliifananisha na kula chakula cha wageni. Nitaiharibu. Nyie okoteni vipande.

Palikuwa na kiangazi. Si kiangazi cha kusema leo jua kali, la. Kiangazi cha mjusi kutembea kwa kurukaruka. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki dimbwi moja tu porini, na ndani ya dimbwi alikuwamo Kiboko.

Swala akija, Kiboko anasema, "Maji yangu." Nyumbu akija, "Maji yangu." Akija Tembo mwenyewe, Kiboko anafungua kinywa kama mlango wa ghala, "Maji yangu," na Tembo anarudi kinyumenyume.

Sasa mtu akilinda hivyo atalala saa ngapi? Mchana analinda, usiku analinda. Jani likianguka, anashtuka. Chura akipiga chafya, anashtuka. Meno anasaga, kra, kra, kra. Shingo imekaza kama gogo, majani hayapiti kooni, na kifuani ni du, du, du. Akamwambia mkewe kwamba hiyo du ni mauti inabisha hodi. Bi Kiboko akamjibu kuwa hayo ni mawazo tu, atoke akatembee kidogo, yeye atamshikia zamu. Kiboko akakataa. Nikikuachia zamu, akasema, si na wewe utakunywa?

Basi akatangaza pori zima: nakufa, njooni mnizike. Ila kila mwombolezaji aje na maji yake.

Wanyama wakabaki midomo wazi. Hata kunguru, ambaye hashangazwi na kitu, alisahau kufunga mdomo.

Juu ya majabali aliishi Pimbi, kanyama kadogo kasikojaza hata pengo la jino la Kiboko. Alikuwa na wanawe, na ndimi zao zilikuwa zimekauka hata kulia hawawezi tena. Kama siku ile yasingepatikana maji, Pimbi angerudi nyumbani kuzika, na si kumzika Kiboko.

Lakini Pimbi na Kiboko ni watani. Utani mnaujua: babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana tangu leo tutukanane tu. Mtani anakusema, anakuchukulia kuku wako, nawe unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako na ukoo wako mzima. Na msibani kwako mtani ndiye mwenye kauli. Pimbi akawaambia wanawe washuke majabali taratibu, wamfuate. Yeye akatangulia mbio.

Akakuta watu wamekaa kimya cha msiba. Akapita katikati yao, akapanda mgongoni kwa Kiboko, akalia kwa sauti, "Uuuwi, marehemu alikuwa na tumbo kubwa na roho ndogo! Nani atatunyima sasa?"

Umati ukapigwa na butwaa. Nyumbu akameza kilio chake kikamkwama. Bi Kiboko akajifunika uso, mabega yanatetemeka, na mpaka leo haijulikani kama alikuwa akilia.

"Mtani," Kiboko akasema, "mimi sijafa bado."

"Ndiyo aibu yenyewe. Watu wamefika, wewe bado. Tena kwa shingo hiyo utakufa vibaya, watasema watani zake hawakumfunza. Toka majini tufanye mazoezi."

Kiboko alikuwa na majivuno, hakutaka kufa vibaya mbele za watu. Akatoka, bwata, bwata, bwata, akajilaza kivulini. Pimbi akamwambia alegeze taya, maana hakuna marehemu anayesaga meno. Akalegeza. Akamwambia alegeze shingo. Akalegeza. Akamwambia avute pumzi polepole, aitoe polepole.

"Marehemu anavuta pumzi?"

"Ni ya kuagana. Ivute ndefu, ndiyo ya mwisho."

Akavuta, fuuuuu. Akatoa, haaaaa.

"Na hii nayo?"

"Nayo ya mwisho. Vuta."

Huku nyuma Tembo akaingiza mkonga majini, gudu, gudu, gudu. Jicho moja la Kiboko likafunguka. "Nani anakunywa maji yangu?"

"Marehemu hasemi," Pimbi akajibu. Jicho likafumba. Fuuuuu. Haaaaa.

Wakaja swala, gudu, gudu, gudu. "Nani anakunywa maji yangu?"

"Marehemu hasemi." Jicho likafumba.

Wakaja nyumbu kwa kishindo, na hapo Kiboko akafungua macho yote mawili, akanyanyua kichwa. Pimbi akatazama majabali. Wanawe bado walikuwa katikati ya mteremko, wanaburura miguu. Moyo wake sasa ndio ukaanza kupiga du, du, du. Akainama sikioni kwa Kiboko, akasema kwa upole, "Marehemu hana maji, mtani wangu. Ana mke tu, na mke anataka kumlilia. Mpe nafasi."

Bi Kiboko akasogea. Akasema tangu mvua ziishe mumewe hajala naye wala hajacheka naye, na kwamba dimbwi ni kubwa lakini ndani yake yeye huwa peke yake. Kiboko akasikiliza. Chozi likamtoka, zito kama embe, likaanguka tap. Kichwa kikashuka chini. Kisha pori zima likasikia mngurumo, wote wakaruka, kumbe anakoroma.

Watoto wa Pimbi wakafika, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Alipoamka, jua lilikuwa upande mwingine. Dimbwi limeshuka, matope yamejaa nyayo, na wanyama wamesimama kama miti, hakuna anayethubutu kukimbia. Kiboko akaangalia maji. Akamwangalia Pimbi. Akafungua kinywa kile cha ghala, Pimbi akafumba macho.

"Mtani," Kiboko akasema. "Kifua kimenyamaza."

Akafunga kinywa, akamsogelea Pimbi.

"Kesho naweza kufa tena?"

Wakashangaa walioshangaa, na waliokwisha kushangaa wakaanza upya. Tangu siku hiyo Kiboko hujilaza mchana amefumba macho, na wenye kiu hunywa bila kuombana radhi.

Funzo: ndugu zangu, msipumzike. Sageni meno, kazeni shingo, lindeni dimbwi, maana alalaye huamka maji yamepungua.

Hadithi imechoka, nimeilaza hapa. Aliyeipenda aifunike, asiyeipenda asiiamshe.

Mimi mwenyewe niliijaribu dawa hii Jumapili. Nikalala, nikalegeza taya, nikavuta zile pumzi za mwisho. Niliposhtuka, kuku mzima ameliwa, imebaki shingo. Na siwezi kumgombeza mtu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiwajibu watoto kila walipouliza kama baba naye anakula: marehemu hasemi.