Fisi na Viatu Visivyovulika

Hapo zamani za kale, kwato zilipokuwa bado hazijagawiwa, wanyama wote walikuwa na nyayo laini kama zenu, wajukuu zangu. Nyati alikuwa na nyayo laini. Swala naye vilevile. Walijenga nyumba, wakatandika majamvi, wakapika, wakapigiana hodi. Kaeni vizuri. Wewe, toa kidole kinywani. Hadithi hii haitaki haraka.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kisima cha kijiji kikabaki tope, tope nalo likapasuka. Wazee wakakaa wakaamua: watu wazima wabaki kuchimba mpaka maji yapatikane, na watoto wapelekwe kwa mashangazi zao penye chemchemi, ng'ambo ya Uwanda wa Chumvi.

Uwanda ule ulikuwa mweupe, hauna mti hata wa dawa. Jua likipanda, ardhi yake inaunguza kama kikaango. Mtoto asiye na kiatu hafiki. Na mtoto anayekaa chini njiani hafiki pia, maana kule hakuna kivuli cha kungojea jua lishuke.

Basi Fisi akasimama barazani. Fisi huyu alikuwa ametangaza kwamba ameacha nyama, siku hizi anakula kunde, na amejifunza kushona. Watu wakawa wanamwita Fundi.

"Jamani," akasema kwa sauti ya upole, "watoto ni wetu sote. Nitawashonea viatu, kila mtoto jozi yake, na sitaki malipo. Siku ya safari nitatembea nyuma yao mimi mwenyewe, asipotee hata mmoja."

Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, akafuta macho. "Fundi, umetutua mzigo."

Mnamjua pimbi? Ni yule mnyama mdogo wa majabalini, ukimwona kwa mbali unadhani panya aliyeshiba. Katika kijiji kile alikuwako Pimbi mmoja, mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, wa kike, jina lake Tumu. Kwa hiyo watu walimwita Mama Tumu.

Siku viatu vilipokuwa tayari, akina mama walijaa uani kwa Fisi. Vilikuwa vinapendeza, sisemi uongo. Vyekundu, vina urembo wa shanga, vina kamba ndefu za kuzungushwa kwenye kifundo cha mguu. Ngozi zile alizitoa wapi, hakuna aliyeuliza.

"Shikamoo, Fundi," akasema Mama Tumu.

"Marahaba, Mama Tumu. Mchagulie binti."

Mama Tumu akachukua kiatu kimoja. Akakikunja katikati, kikakunjika kama chapati. Akaingiza kidole gumba kwenye kisigino. Akapitisha kiganja ndani, polepole, akitafuta mshono unaokwaruza.

Mama Swala, jirani yake, akacheka. "Shoga, unachagua kiatu au unamkanda mgonjwa?"

"Namuulizia Tumu. Watoto hawajui kuuliza. Kidole cha mguu kikimuuma, yeye anakuambia tumbo." Kisha akamgeukia Fisi. "Mbona kimelowa, Fundi? Kijiji kizima kimekauka, ngozi yako inatoa maji."

"Ndio ulaini wenyewe huo. Avae hivyo hivyo, asubuhi ya safari. Kabla ya hapo kikae kivulini kwenye kitambaa kilicholowa, na asijaribu."

"Na kuvua?"

"Kuvua nini?"

"Kiatu. Kuvaa nimeona. Anavuaje?"

Fisi akatabasamu, meno yakaonekana mpaka ya nyuma. "Mama Tumu, mtoto yuko safarini, avue kwa nini? Kiatu changu kinashika mguu. Kikishika, kimeshika."

Akina mama wakaitikia, ndiyo, kizuri kishike, kisidondoke njiani. Mama Tumu hakuitikia. Alichukua jozi ya binti yake, akashukuru, akaenda zake.

Nyumbani akatafuta kiazi kitamu, akakichonga kikawa kama mguu wa Tumu, mpaka na vidole. Akakitumbukiza kiatuni, akafunga kamba, akakiweka juu ya jabali, juani.

Alasiri akakiendea. Kiatu kilikuwa kimekauka, kimekuwa kigumu kama pembe. Ukikigonga: ko, ko. Akajaribu kufungua fundo, fundo halina pa kushika. Akavuta, hakitoki. Ngozi ile ilikuwa mbichi, haijapata kulowekwa kwenye maji ya magome ya miti wala kusuguliwa mafuta, na ngozi mbichi ikikutana na jua hujikunja. Pembeni maji ya kiazi yalikuwa yanachuruzika.

Tumu akainama akatazama. "Mama, kiazi kinalia?"

"Kinalia, mwanangu."

Mama Tumu akakaa pale juu ya jabali. Aliuona uwanda mweupe, na watoto wa kijiji kizima wakikaa chini mmoja mmoja, na Fisi nyuma yao, hana haraka.

Akampelekea Mzee Nyati kiatu kile na kiazi chake. Nyati akakigeuza huku na huku.

"Hiki ni kiazi, Mama Tumu. Mguu una mfupa."

"Mfupa hauumii, Mzee?"

"Sikiliza. Wewe ni mdogo, na wadogo hofu zao ni nyingi. Fundi amejitolea. Kesho kutwa watoto wanaondoka, nami sitaki maneno."

Mama Tumu akaona kwamba kiazi hakitoshi. Unatakiwa mguu. Akainamisha kichwa.

"Umenena, Mzee. Basi tumshukuru Fundi kama waungwana. Kesho adhuhuri, hapa kwako, kila nyumba ilete sahani."

"Hapo sasa," akasema Nyati.

"Ila Tumu ananisumbua. Anasema havai mpaka amwone Fundi mwenyewe amevaa. Watoto wenzake nao wameanza. Ukimwomba wewe aje amevaa viatu vyake, hatakukatalia."

Nyati akatuma neno, na Fisi kweli hakuweza kukataa. Angesema nini? Alijipigia hesabu zake: Kutoka kwangu hadi kwa Nyati ni hapo tu. Nitavaa vikiwa vimelowa, nitavua havijakauka. Akajishonea jozi, ya miguu ya nyuma, akaiacha ndani ya maji.

Kesho yake jua likiwa kali, Mama Tumu akabisha kwake. "Hodi, Fundi. Nimetumwa nikusindikize."

Fisi akatoka, amevaa. Pwata, pwata, pwata. Akaelekea kichochoro cha mkato.

"La, Fundi," akasema Mama Tumu. "Mgeni wa heshima hapitishwi vichochoroni kama mwizi wa kuku. Tupite njia kuu, wakuone."

Nanyi mnajua kwetu salamu si neno moja. Nyumba ya kwanza, Mama Swala mlangoni.

"Fundi, habari za tangu jana?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema, njema."

"Mgongo wako? Nilisikia ulikuwa unakusumbua. Na kunde zimeota?"

"Zimeota."

"Katika ukame huu? Una mkono mzuri, Fundi. Hebu nieleze unapandaje."

Fisi akaeleza, uongo mtupu, amesimama juani. Nyumba ya pili wakamshika mkono, wakamwombea dua ndefu, nyumba nzima. Ya tatu walikuwa na msiba wa bibi yao, ikabidi atoe pole na asikilize bibi alivyougua, tangu kikohozi cha kwanza. Viatu vikabadili sauti. Kwata, kwata.

"Mama Tumu, tufanye haraka kidogo, chakula kitapoa."

"Tutafanya. Ila yule ni Mzee Kobe, anakungoja. Utampita bila salamu?"

Mzee Kobe akainua shingo. Akafumba macho, akafumbua. "Fu... ndi," akasema. Akapumua. "Za... si... ku... nyi... ngi?"

Fisi akasimamia mguu mmoja, akasimamia wa pili. Jasho likamtoka puani. Kobe alikuwa hajafika hata kwenye habari za wajukuu, naye wajukuu zake ni wengi, kila mmoja ana jina.

Walipoondoka pale, viatu vilikuwa vinalia: ko, ko, ko.

Kwa Nyati watu walikuwa wameshajaa. Jamvi limetandikwa, sahani zimepangwa, watoto wamekaa upande wao. Fisi akafika mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, karibu Fundi," akasema Nyati. "Vua viatu upite."

Fisi akatazama jamvi. Akatazama miguu yake. "Nitakaa hapa hapa kizingitini, Mzee. Kuna upepo."

"Mgeni wa heshima akae nje? Nyumba yangu ina nini?"

"Haina kitu, Mzee."

"Basi vua."

Fisi akainama akashika kamba. Akavuta. Akajaribu kwa meno, na mnayajua meno ya fisi, lakini kamba ilikuwa imezama nyamani, meno hayana pa kuingia. Akakaa chini. Hakuna aliyecheka. Kijasho kilikuwa kinamtiririka.

Nyati akatoka akakishika kiatu kwa nguvu zake zote. Fisi akatoa sauti iliyowafanya akina mama wawavute watoto kifuani. Kiatu hakikusogea.

"Maji," akasema Fisi. "Nimwagieni maji. Vikilowa vitaachia."

Mama Tumu akaenda kwenye mtungi. Yale ndiyo maji yaliyobaki, ya kuwapa watoto safarini. Akachota kata moja, akaja akachutama mbele ya Fisi, kata mkononi.

"Haya ni ya watoto," akasema. "Kabla sijamwaga, waambie wazazi wao. Viatu hivi ulivishona vifanye nini?"

"Nilikosea, Mama Tumu. Ngozi haikuiva vizuri."

Mama Tumu hakumwaga.

"Mimi si fundi wa siku nyingi. Nilikuwa najifunza."

Hakumwaga. Jua lilikuwa linaingia mpaka kizingitini.

"Ulijua maji yanaachia," akasema Mama Tumu. "Na kwenye uwanda hakuna maji. Sema, Fundi."

Fisi akatazama chini. Sauti yake sasa haikuwa ya upole wala ya ukali, ilikuwa ndogo tu. "Nilitaka wakae chini," akasema. "Katikati ya uwanda. Wakae, washindwe kuinuka. Nami niwe nyuma yao."

Mama Swala akaitazama jozi ya mtoto wake, aliyokuwa ameiweka mapajani, akaisukuma mbali kwa vidole viwili.

"Mwache," akasema. "Mwache akauke navyo."

"Nimesema nitamwaga," akasema Mama Tumu. Akamwaga, kata moja na nyingine, polepole, akipitisha mkono kwenye kamba mpaka zikalegea. Viatu vilitoka pamoja na manyoya. Fisi akajaribu kusimama. Miguu ya nyuma ikakataa kunyooka. Akaondoka hivyo hivyo, nyuma chini, mbele juu, hakuaga, wala hakuna aliyemwambia kwaheri. Mpaka leo mkimwona anavyotembea, ndivyo.

Mzee Nyati akamwendea Mama Tumu, akaketi chini ili macho yao yawe sawa.

"Uliniletea kiazi," akasema. "Nisamehe."

"Kuna kazi, Mzee," akasema Mama Tumu. "Lete zile ngozi zako za zamani, zilizolala kwenye magome."

Safari ikangoja. Akina mama wakakaa kwa Nyati wakashona sapatu, viatu vya kutumbukiza mguu tu, visivyo na kamba wala shanga. Mama Tumu alipita akikagua. Hapa weka nafasi ya kidole gumba, mguu wa mtoto haulali. Mshono utoke nje, ndani pawe laini kama shavu. Soli shona mara mbili. Hiki chako, shoga, hakina urembo hata kidogo, lakini kikunje uone: kinarudi.

Kisha kila mtoto akaambiwa avae, akimbie mpaka kwenye mtungi, arudi, avue mwenyewe bila kushika kwa mkono. Aliyeshindwa, kiatu chake kilifumuliwa kikashonwa upya. Tumu alikimbia mara nyingi kuliko alizoambiwa.

Wakaondoka alfajiri, na aliyetembea nyuma yao ni Mzee Nyati mwenyewe, amevaa sapatu kubwa kama mitumbwi. Mama Tumu alisimama juu ya jabali mpaka macho yakamwuma. Siku zilipopita, upepo wa upande wa chemchemi ukamleta Kozi, yule ndege mwindaji wa angani, na habari, na habari ilikuwa fupi: wamefika wote, na miguu yao mizima.

Hadithi yangu imefika mlangoni, wajukuu zangu, na neno lake ni hili: ukimchagulia mtoto kiatu, usiridhike kwa kumwona akivaa, mwone kwanza akivua.