Kamba Iliyofungwa Mkoleni

"Mtu yu shimoni, nyama haigawanywi." Hivyo ndivyo alivyosema shangazi yenu Mwanamkuu asubuhi hii, akajitanda kanga yake na kuondoka kikaoni, nanyi mkabaki kutazamana. Sasa mmenijia mimi bibi yenu kuniuliza kama amewatukana. Hakuwatukana. Hiyo ni methali ya hapahapa Kwemkole, na ameisema mahali pake. Chambai, weka hiyo simu mfukoni. Mwajabu, endelea kumenya karanga, mikono haizibi masikio. Methali hii ilianza hivi.

Kabla baba yangu hajaoa, upande ule wa msituni haukuwa na nyumba hata moja. Kulikuwa na mashamba tu, na mashamba yalipoishia msitu ulianza. Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la mihogo, la mjane mmoja aliyeitwa Mazoea. Mwaka huo mvua za vuli hazikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa bado ya magotini, na mihogo ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la watu.

Mazoea akawa kila akifika shambani anakuta mashina yamefukuliwa. Nguruwe mwitu akiingia shambani hula akamaliza alichokianza. Nungunungu ana tabia mbaya zaidi: huonja muhogo huu, akauacha, akahamia ule, kama mgeni wa harusi anayechovya kila sahani. Mazoea aliweka mitego, akasimamisha sanamu la matambara, akawasha moto pembeni mwa shamba. Haikusaidia kitu. Mwishowe alifuata nyayo, na mwiba mmoja mmoja uliodondoka njiani, mpaka akafika kwenye kichuguu kikubwa ukingoni mwa msitu. Chini yake palikuwa na shimo la zamani lililochimbwa na muhanga, yule mla mchwa, na mlangoni mwa shimo mifupa iliyogugunwa, maana nungunungu hupenda kunolea meno kwenye mifupa. Akajua mwizi wake anaishi humo. Akaenda kumwita Mbelwa.

Huyu Mbelwa alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyependa maneno mengi. Kijiji kizima kilijua kwamba penye nungunungu huitwa yeye, kwa kuwa mabega yake yalipita palipowashinda wengine.

Ninyi hamjawahi kuona kazi hiyo, kwa hiyo nawaeleza. Nungunungu huwindwa mchana, kwa sababu usiku hutembea na mchana hulala shimoni. Mbwa humnusa lakini hawawezi kumtoa. Mbwa mjinga huingia akarudi na miiba puani, na mbwa mwerevu hubwekea nje. Basi lazima mtu aingie. Hutambaa kwa tumbo, kichwa mbele, mkononi mkuki mfupi, akisukuma mbele yake kipande cha gome la mti cha kujikinga, maana nungunungu hakujii kwa meno. Hukupa mgongo, akaja kinyumenyume na miiba yake yote imesimama.

Mtu huyo hufungwa kamba ya katani mguuni, na mwenzake hukaa mlangoni mwa shimo ameishika. Kamba ikitikisika, mwenzake anavuta. Haulizi, hangoji, anavuta. Hiyo ndiyo kazi yake yote, nayo ni kazi ndogo mpaka siku inapokuwa kubwa.

Kila kazi ilikuwa na fungu lake. Aliyeingia shimoni alipata mgongo pamoja na mafuta yake. Mshika kamba alipata paja. Mwenye mbwa alipata ini na shingo, na mwenye shamba bega. Yaliyosalia yalikuwa ya wote. Mgao huo aliujua kila mtu, na kila mara watu waligombana.

Siku hiyo Mbelwa alikwenda na shemeji yake Sekiete, kaka wa mkewe, ndiye awe mshika kamba. Kigoda alileta mbwa wake. Walikuwapo pia wanaume wengine wa jirani, ambao hawakuitwa na mtu, ila walisikia neno nyama. Walitafuta mlango wa pili wa shimo wakauziba kwa magogo na mawe. Walikuwa na jembe moja, lililochukuliwa kwa ajili ya kufukua iwapo udongo ungeporomoka.

Mbelwa alivua shati. Sekiete akamfunga kamba mguuni.

"Shemeji," Mbelwa akasema, "mguu wangu nimekuachia wewe."

"Ingia tu, shemeji. Mimi nipo."

Akaingia, akavuta nyuma yake na kamba nyingine ya kumfungia mnyama. Nje walitega masikio. Ikasikika miiba ikigongana kule ndani, kisha kishindo, kisha sauti ya Mbelwa ikiwaambia wavute kamba ya pili. Wakavuta, akatoka nungunungu mkubwa aliyenona, mwaka ambao hata kuku walikuwa mifupa mitupu.

"Yupo mwingine!" Mbelwa akapaza sauti. "Yuko mbele zaidi. Namfuata."

Hakuna aliyemjibu. Msiwahukumu upesi. Watu wale walikuwa wameshinda na uji wa mihogo miezi mingi, na harufu ya mafuta ilikuwa imeshawafika kabla hata moto haujawaka. Mazoea alikuwa amekwenda kisimani kuwatekea maji ya kunywa. Kigoda akawasha moto, akamnyonyoa mnyama miiba, akampasua. Ini lilipotoka likiwa bado la moto, hakukuwa na chungu wala kikaango. Mmoja wao akabandua jembe kwenye mpini wake, akaliweka juu ya mafiga ya mawe, wakaanza kukaanga ini juu yake. Walicheka sana kwa ubunifu huo.

Kisha Kigoda akashika paja. "Hili ni la mbwa wangu," akasema. "Wao ndio waliobweka."

Sekiete alilisikia neno hilo pale mlangoni mwa shimo. "Paja ni la mshika kamba!"

"Basi shika kamba," Kigoda akamjibu, na wengine wakaangua kicheko. "Paja linataka mtu wa kulishika pia."

Sekiete akaona anachezewa. Akainuka, kamba mkononi, lakini kamba haikuufikia moto. Akatazama huku na huku. Karibu yake palikuwa na mti mchanga, mkole. Akaifunga kamba kwenye mkole, fundo zuri kabisa, akaenda kudai paja lake. Moyoni alijiambia kwamba anakwenda na kurudi.

Akalipata paja, lakini hakurudi. Ubishi ulikuwa umeshahamia kwenye mgongo.

"Mgongo ni wa Mbelwa," mmoja alisema, nadhani kwa aibu zaidi kuliko kwa haki.

"Huyo wa ndani ana mnyama mzima mbele yake," Kigoda akasema. "Akimtoa, atakula huyo. Huu tugawane sisi."

Wakatazamana. Hakuna aliyepinga. Sekiete, shemeji yake mwenyewe, naye hakupinga. Kisu kikaingia mgongoni.

Kule chini, Mbelwa alikuwa amefika mahali pembamba. Nungunungu wa pili alirudi nyuma kwa nguvu, akagonga ukuta wa shimo, na dari ikakatika. Bonge la udongo likamwangukia Mbelwa mabegani. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kugeuka. Miguu yake ilikuwa huru. Akarusha mguu wenye kamba.

Juu, mkole ukainama.

Akarusha tena, na mkole ukainama tena. Kamba ingekuwa mkononi mwa mtu, angevutwa wakati uleule akatoka na vumbi kichwani, watu wakamcheka, mambo yakaisha. Lakini mkole hauwezi kuvuta. Kila alipojitikisa udongo mwingine ulianguka, mabegani, mgongoni, mpaka kiunoni.

Mazoea alikuwa akirudi na mtungi kichwani. Kwa mbali aliuona mkole ule unatikisika, majani yanapepesuka, nao ulikuwa peke yake. Miti yote mingine ilikuwa imetulia, maana hapakuwa na upepo. Alidhani wamefunga mbuzi. Akaifuata kamba kwa macho, toka kwenye mkole, chini kwenye nyasi, mpaka ikazama shimoni. Mtungi ukamtoka kichwani ukavunjika.

"Nani ameshika kamba?"

Sekiete akageuka. Midomo yake iling'aa mafuta. "Nimeifunga hapo, mama. Mara moja tu."

"Mnagawa nyama," Mazoea akapiga ukelele, "mtu yu shimoni!"

Walikimbia wote kwa pamoja. Walipofika, mkole ulikuwa umeacha kutikisika. Wakaikamata kamba, wakavuta kwa nguvu zao zote. Kamba ikakaza, lakini mtu hakuja.

"Jembe! Leteni jembe!"

Jembe lilikuwa motoni, limeiva jekundu ukingoni, na vipande vya ini juu yake. Mpini ulikuwa umetupwa kando. Kila aliyelisogelea alirudisha mkono. Mazoea alifungua kanga yake ya begani, akaizungusha mkononi, akalinyakua jembe, ini likamwagika majivuni. Akapiga magoti mlangoni mwa shimo, akaanza kuchimba kwa jembe lisilo na mpini, kanga ikitoa moshi. Hapo ndipo wanaume walipopata akili. Wengine wakachimba kwa mikuki, wengine kwa kucha. Sekiete alichimba mpaka vidole vikatoka damu, akiita, "Shemeji! Shemeji!", na shemeji haitiki.

Walimtoa kwa miguu, amelegea, uso wote udongo. Mazoea akamtia kidole kinywani, akautoa udongo, akampindua, akampiga mgongoni. Muda ukapita, tena muda mrefu kwa waliosimama pale. Kisha Mbelwa akakohoa. Sekiete aliposikia kikohozi hicho alilia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake.

Mbelwa alikalishwa akiegemea kichuguu. Maji ya kumpa hayakuwapo, mtungi ulikwisha vunjika. Walikaa kumzunguka. Ndipo Kigoda, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mwepesi wa mkono, akaenda akakusanya vile vipande vya mgongo, akaviweka juu ya majani mbele ya Mbelwa. Sekiete akaongeza paja lake. Mwingine akarudisha alichokuwa amekificha kwenye mfuko. Pakawa na rundo la nyama.

"Kula, ndugu," Kigoda akasema. "Hii yote ni yako. Sisi tulidhani uko salama."

Mbelwa alilitazama lile rundo. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, ikabidi wainame kumsikia.

"Shimoni sauti ya nje hufika vizuri," akasema. "Nimesikia paja la Sekiete. Nimesikia ini la Kigoda. Nimemsikia kila mtu na fungu lake. Mimi nikawa 'huyo wa ndani'."

Akaifungua kamba mguuni mwake polepole, akaizungusha vizuri kama mtu anayekwenda kuiweka, akampa Mazoea. Akainuka akaenda nyumbani kwake, akishika mti huu na huu njiani.

Ile nyama hakuna aliyethubutu kuigusa. Walioiacha pale walikuwa na njaa, nanyi mjue kwamba njaa ile haikuwa ya mchezo, lakini mkono haukwenda. Mbwa wa Kigoda ndio walioila. Na yule nungunungu wa pili alisukuma magogo ya ule mlango mwingine, akatoka, na usiku huo huo akaendelea na mihogo ya Mazoea pale alipoishia.

Baadaye Sekiete alikwenda kwa shemeji yake na jogoo na wazee wawili, akaomba radhi. Mbelwa alimsamehe. Walikula pamoja, walisaidiana misibani na katika harusi za watoto, na hakuna aliyewahi kumsikia Mbelwa akimsema. Ila tangu siku ile hakumpa Sekiete kamba ya kushika, hata ya mbuzi.

Mazoea aliishi sana. Mimi nilimkuta, na kovu la kiganja chake nililishika kwa mkono wangu huu. Kijiji kikachukua maneno yake, na kikaweka sharti kwamba kisu hakitoki alani mpaka aliyeingia shimoni atoke, asimame, aongee. Nungunungu siku hizi hawawindwi tena, lakini maneno yamebaki, kwa sababu watu wa kugawa hawajaisha.

Haya, mmesikia. Baba yenu Hoza, niliyemzaa mimi, amelazwa hospitali ya wilaya, na daktari hajatuambia kama atarudi kwa miguu yake au kwa kubebwa. Leo asubuhi mmeketi uani kwake mwenyewe. Shamba la bondeni limepata mtu, pikipiki imepata mtu, mkafika kwenye mabati ya nyumba anayolala. Na nilimsikia mmoja wenu akisema, "Huyo mzee hata akirudi hawezi tena kulima." Sitamtaja. Anajijua, ameacha kutafuna karanga.

Nina swali moja tu. Leo nani amempelekea uji?

Mlidhani shangazi yenu atampelekea. Ndiko alikokwenda, peke yake na chupa ya uji, alipowaacha na kikao chenu. Inukeni mumfuate. Baba yenu yu hai, na masikio anayo. Mtu yu shimoni, nyama haigawanywi.