Hodi Tatu Mlangoni kwa Bi Mpili

Mkimbia kimbunga hapigi hodi. Maneno hayo mliyasikia juzi, pale Bi Zaitiki alipomwambia yule mgeni wake aliyesimama nje analowa huku akingoja kuambiwa karibu. Mkacheka wote, na hakuna kati yenu aliyejua anacheka nini. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Kaeni, na hizo simu wekeni chini. Methali hii ina wenyewe, na kwa wenyewe ilianza hivi.

Huko Likungu, kijiji kilichojibana kati ya bahari na mikorosho, aliishi mjane mmoja, Bi Rukia, pamoja na mama yake mzazi, Bi Asumini, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemgomea lakini ulimi haujambo. Bi Rukia alikuwa kungwi. Wasichana wengi wa Likungu walipita mikononi mwake, akawafunza kukaa, kuitika, kupokea kitu kwa mikono miwili, na zaidi ya yote, kupiga hodi. Hodi hupigwa kwa sauti ya chini, aliwaambia, tena mara tatu. Usipoitikiwa mara ya tatu, rudi ulikotoka wala usinung'unike, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Binti yake wa pekee, Sofia, alikuwa ameolewa Chiumo, juu mlimani, na mamkwe wake Sofia, Bi Mpili, hakuchoka kuwaambia watu kwamba msichana yule kalelewa. Sifa hiyo Bi Rukia aliipenda kuliko chakula.

Mwaka huo bahari ilichanganyikiwa. Au labda tulichanganyikiwa sisi. Zamani kimbunga kilikuwa habari ya kusimuliwa, jambo la mara moja katika umri wa mtu. Mwaka ule kila redio ikiwashwa, kipo kimoja njiani kinakuja. Tena vilikuwa na majina. Sisi mtoto tunamngoja siku ya saba ndipo tumpe jina, wao kimbunga hakijafika kimekwisha kupewa. Mwenyekiti wa kijiji akawa anapita na kipaza sauti chake, akiwataka watu wa bondeni wahamie juu kwa jamaa zao.

Mara ya kwanza Bi Rukia alifunga mzigo wake, akamtia mama yake kwenye mkokoteni wa jirani, wakapanda Chiumo kwa Bi Mpili. Walipokewa kama maharusi. Jogoo akachinjwa, kitanda kikaachwa, Bi Asumini akapewa mto uliokuwa haujalaliwa na mtu. Asubuhi jua likatoka, bahari imelala, na redio ikasema kimbunga kimegeuza njia. Wakashuka wakicheka. Mara ya pili wakapanda tena, wakala wali na mchuzi wa kunde, ikanyesha mvua ya kulowesha kanga tu, wakashuka. Safari hiyo hawakucheka sana.

Mara ya tatu ndiyo iliyomharibia Bi Rukia usingizi. Walipofika, Bi Mpili alikuwa anaanika nguo. Akawakaribisha, kisha akauliza kama hicho nacho kinakuja kweli au kinawatania. Alisema huku anatabasamu, lakini tabasamu la mtu aliyebana vibanio vya nguo kwa meno nani anaweza kulisoma? Jioni yake Bi Rukia akamsikia jikoni akimwambia Sofia kwamba unga umekwisha tena. Huenda unga ulikuwa umekwisha tu, kama unga unavyokwisha katika nyumba za watu. Huenda ilikuwa fumbo. Na siku ya tatu ya kukaa kwao, Bi Rukia alipoamka, alikuta jembe limeegemezwa ukutani, kando ya mlango wa chumba walicholala.

Jembe. Nanyi mnajua mgeni hupewa jembe siku gani.

Alilitazama lile jembe mpaka chai ikapoa. Hakuuliza. Kungwi mzima atauliza vipi kwa wakwe zake kwamba jembe hili mmelitegesha au mmelisahau? Alimtazama Sofia usoni apate jibu, akaona binti ana huzuni, kisha akaona hapana, ana usingizi tu, kisha hakujua tena alichokiona. Wakashuka Likungu siku hiyo hiyo chini ya anga safi kabisa. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, mara akimtetea Bi Mpili, mara akimshitaki, na kila hoja aliyoipata ilikuwa na mwenzake wa kuipinga. Bi Asumini alimsikiliza mpaka akachoka, akamwambia akae kimya au arudi akaulize. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Basi kilipotangazwa cha nne, Bi Rukia alifunga mzigo akaufungua. Akaufunga tena. Mwenyekiti alipita asubuhi akisema watu wahame, na baada ya muda akapita tena akisema wasubiri taarifa. Majirani nusu waliondoka, nusu waliketi vibarazani kuwacheka walioondoka. Bahari ilikuwa imetulia kiasi cha kumtia mtu aibu kwa kuiogopa. Bi Rukia aliwaza unga wa Bi Mpili, akawaza jembe, akawaza binti yake atakavyosimangwa kwa ajili yake. Akamwambia mama yake kwamba safari hii wanabaki. Bi Asumini, ambaye furushi la nguo zake lilikuwa tayari mapajani, akaliweka chini.

Kimbunga kikaja.

Adhuhuri anga liligeuka rangi ya chungu kilichoungua. Upepo ulianza kwa kuchezea makuti, halafu ukaacha mchezo. Minazi ililala, maji yakapita uani, na paa la jikoni likaondoka lote kwa pamoja. Mkokoteni haukuwepo, jirani alikuwa amehama nao. Bi Rukia akamweka mama yake mgongoni, akamfunga kwa kanga mbili kama mtoto mchanga, akashika njia ya mlimani huku mvua inampiga kwa ubavuni. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa katika maisha yake. Mzigo wa mgongoni ulikuwa mwepesi na unatetemeka, na alijua kwamba wakikosa paa alasiri ile, mama yake haoni kesho.

Walifika. Nyumba ya Bi Mpili imefungwa, madirisha yamebanwa kwa mbao. Lakini ndani mlikuwa na watu, maana alimsikia mume wa Bi Mpili akikohoa kikohozi chake cha tumbaku, akamsikia na Sofia akisema jambo. Bi Rukia akasimama kibarazani, akajifuta uso, akapiga hodi kwa sauti inayostahili mlango wa mkwe.

Hakuna aliyeitika. Akapiga ya pili, akagonga na ubao kwa vifundo vya vidole. Kimya. Akangoja, kama alivyowafunza wenzake kungoja, akapiga ya tatu. Akayasikia maneno ndani, sauti ya Bi Mpili kabisa, maneno mawili matatu ambayo upepo uliyachukua. Kisha basi. Hakuna hatua zilizokuja mlangoni.

"Sukuma," Bi Asumini alimwambia sikioni.

"Mama, nimepiga tatu. Wametusikia."

"Sukuma mlango, Rukia."

Hakuusukuma. Nyinyi mnatikisa vichwa, lakini mtu huwa hayuko peke yake mlangoni. Yupo na kila aliyemfunza na kila aliyefunzwa naye. Bi Rukia alishuka kibarazani analia, akazunguka nyuma ya nyumba, na paa la kwanza aliloliona lilikuwa la banda la mbuzi. Akaingia humo, akamkalisha mama yake katikati ya mbuzi apate joto lao, akamkumbatia.

Kabla ya magharibi upepo ulilegea. Bi Mpili akatoka na ungo kichwani kukagua mifugo yake, akachungulia bandani, akasimama wima.

"Mkwe," alisema. "Unafanya nini humu?"

"Nilipiga hodi," Bi Rukia akajibu, na meno yanagongana. "Mara tatu. Mlikuwemo, niliwasikia. Nikajua mmetuchoka."

Bi Mpili alikaa chini pale pale kwenye samadi.

"Tangu adhuhuri upepo unagonga mlango ule," alisema. "Kila ukigonga nainuka, navuta kinu tulichokizuilia, nafungua, nasema karibu mkwe. Nakuta mvua tupu. Nimefungua mpaka mume wangu akaniambia nimepagawa. Hodi yako moja niliisikia. Sofia akasema ni mama, mimi nikamwambia kaa, ni upepo tena. Hapo nilikuwa nimekwisha kuchoka kudanganywa."

"Kumbe hukunikataa?"

"Nikukatae? Chakula chenu kipo jikoni, kimepoa. Mlango haukuwa na komeo, mkwe. Ungeusukuma kidogo tu, kinu kingesogea."

"Nisukume mlango wa ukweni?"

Walitazamana wale wanawake wawili, kila mmoja akitafuta wa kulaumiwa, na kila alipompata akakuta ni yeye mwenyewe. Habari ya unga na ya jembe haikutajwa. Haikutajwa siku ile wala siku nyingine, na mpaka leo hakuna anayejua jembe lile liliwekwa na nani wala kwa nini. Kwa akili yangu mimi, Bi Mpili alikuwa amechoka kidogo, na nani asingechoka? Lakini kuchoka si kufukuza.

Ndipo sauti ikatoka katikati ya mbuzi, nyembamba, na hasira yake yote imo.

"Mtamaliza lini? Mkimbia kimbunga hapigi hodi, mwanangu. Na anayemngoja hakai chini. Haya, nibebeni."

Wakambeba wote wawili. Akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji, akalazwa kwenye ule mto wake. Lakini kifua kilikuwa kimeshika baridi, na hakikuiachia tena. Alikohoa wiki chache, akafariki humo humo kwa Bi Mpili. Wapo waliosema ni mvua ile, wapo waliosema ni umri tu, na Bi Rukia akawa anayaamini yote mawili, leo hili, kesho lile. Kila alipoliamini la kwanza alilia.

Mwaka uliofuata redio ikataja jina jingine. Anga lilikuwa jeupe, bahari imetulia. Bi Rukia akapanda mlima peke yake, mikono mitupu, jua linamchoma utosini, na majirani wakamcheka mpaka alipopotea kwenye mikorosho. Alipofika kibarazani kinywa kilifunguka chenyewe kwa mazoea, na hodi ikafika mpaka kwenye midomo. Akaimeza. Akasukuma mlango, akaingia.

Bi Mpili alikuwa mkekani anachambua mchele, kichwa wazi, kanga imemlegea kifuani. Hakuiwahi kanga yake, wala hakuuliza kama hicho nacho kinakuja kweli. Alijisogeza tu, akaacha nafasi ya watu wawili, Bi Rukia akakaa, na nafasi ya mama yake ikabaki wazi.

"Nisamehe, mkwe," Bi Rukia akasema baadaye, kwa sababu adabu ni ugonjwa usiopona. "Nimeingia tu, hata hodi sikupiga."

Bi Mpili akamsogezea ungo wa mchele.

"Mkimbia kimbunga hapigi hodi," alisema.