Pipa la Kiboko na Kufuli la Jumbe

Wallahi wabillahi, hili ni kweli tupu, na anayebisha asinisogelee. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani, Kiboko alikuwa akipika gongo. Ndege akipita juu ya moshi wake alidondoka, pu, akaamka kesho kutwa anabweka.

Jirani yake alikuwa Mama Pimbi, mdogo kama kiatu. Walevi walikojoa mlangoni pake kila siku, yeye akasonya, akafagia. Lakini siku moja mlevi mmoja alimkanyaga mwanawe, mguu ukavunjika, kwacha.

Pimbi akamwendea Jumbe Nyati.

"Jumbe, si ulipiga mbiu mwenyewe? Mahali panapouzwa pombe ya magendo ni kero ya mji, pafungwe kufuli mwaka mzima."

"Nilipiga." Nyati akacheua. Gongo likanuka mpaka mende ukutani wakayumba. "Nilikwenda kwa Kiboko, sikukuta pipa. Alishalitoa nje, akaliweka njiani. Sheria inafunga mahali, mama, haifungi mtu. Unataka nifunge njia?"

"Kumbe ni mahali tu?"

"Mahali tu. Nenda kalee watoto."

Pimbi akatoka anawaka kama kaa. Akafika kwa Kiboko anahema.

"Jirani, umekwisha. Askari wa mfalme wanakuja kusaka kila nyumba, na njiani pia."

"Ole wangu. Pipa nilifiche wapi?"

"Mwili wote huo, akili hamna? Nani atathubutu kumsaka Jumbe?"

Kiboko akaliviringisha pipa, gudu gudu gudu, mpaka ukumbini kwa Nyati, ambaye alikuwa ametoka kwenda kuoga matope. Hapo Pimbi akapiga yowe, mji mzima ukaja.

Nyati akarudi, matope yanamchuruzika.

"Pipa hilo si langu," akasema. "La Kiboko."

"Hatukuuliza la nani, Jumbe," akasema Pimbi. "Liko mahali gani?"

Nyati akatazama kwato zake. "Kwangu."

Watu wakalitoa pipa nje, wakaifunga nyumba, kufuli likalia, kacha. Kwa uchungu Nyati akalipasua pipa kwa pembe, akaenda kuivunja mitambo yote ya Kiboko, kisha akalala nje mwaka mzima, mvua ikimnyea. Mtoto wa Pimbi akapona mguu mlangoni pakavu.

Ukisuka sheria iwe kamba ya wanyonge, ipime kwanza shingoni mwako.

Ila haya, wanangu, msiyarudie popote. Jumbe wetu wa hapa naye anacheua.