Jina la Mtoto wa Gulioni

Wenye masikio yafungueni, na mimi nifungue mdomo. Leo sina zimwi wala sungura. Nina akina mama watatu wa soko la Kwemzingi, nina mtoto mmoja, na nina jina moja la kumpa. Hapo ndipo penye kazi. Nimehangaika nalo peke yangu hadi nimechoka, sasa nawatwika ninyi.

Soko la Kwemzingi liko bondeni na zahanati iko juu mlimani. Kati yao kuna njia moja tu, na siku ya gulio njia hiyo hujaa watu mpaka kuku wanapita juu ya mizigo. Katika soko hilo walikuwepo akina mama watatu tangu mabati ya paa yangali yanang'aa. Majina yao mtayasikia baadaye, kwa sababu hata sokoni hakuna aliyeyajua. Waliitwa kwa kazi zao, basi.

Mmoja aliitwa Bi Mlango. Alikaa kwenye kigoda nje ya choo cha wanawake, na ndoo yake, kata yake na kipande cha sabuni. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Ukienda kujisitiri ulimwachia kikapu, na ulipotoka ulikikuta vilevile, hata kitunguu hakijahama. Mwiko wake ulikuwa mmoja: mlango uliofungwa na mtu ndani haufunguliwi, hata aje mkuu wa soko. Ya chooni ni ya chooni.

Wa pili walimwita Bi Gurudumu. Alisukuma mkokoteni, na mikono yake ilikuwa mipana kuliko ya wanaume wengi waliomcheka. Kipaji chake kilikuwa uaminifu. Mzigo uliopakiwa kwake ulifika, iwe jua, iwe mvua, iwe udongo wa mlimani umeteremka barabarani. Mwiko wake ni kwamba mzigo wa mtu haumwagwi. Alisema afadhali aanguke yeye.

Na wa tatu, Bi Fagio, mfagia soko, je? Kipaji chake kilikuwa adabu. Msicheke. Si mnajua kwetu husemwa kwamba ukipitiwa na ufagio miguuni huoi, au huolewi, au ndoa uliyonayo inakuponyoka? Sasa jaribu kufagia soko lenye watu bila kugusa mguu wa mtu. Yeye aliweza. Alikwenda ameinama, "Samahani mwanangu, nyanyua mguu," "Samahani baba, sogea kidogo," na hakuna aliyewahi kulaumu kwamba Bi Fagio kamkosesha mchumba.

Salamu waliyopewa watatu hawa ilikuwa moja: "Bado upo pale pale?" Mtu akiondoka Kwemzingi, akarudi na viatu vipya, alipita na kuwauliza hivyo huku anacheka. Wazazi nao waliwatumia kutishia watoto: usiposoma utaishia kusukuma mkokoteni kama yule. Waliyasema hayo yule mwenyewe akipita, na mahindi yaliyokuwa kwenye mkokoteni yalikuwa ya wazazi hao hao. Hilo huniuma, sifichi. Wako wenye maduka yaliyosimama mahali pamoja tangu enzi za babu zao, na hao hakuna anayewauliza kama bado wapo pale pale. Wao husifiwa kwamba wamedumu.

Mmoja wa wenye maduka hao alikuwa Bi Zaituni, muuza vitenge. Mwanamke mwenye sauti, mkarimu kwa wageni, mkali kwa wengine. Alikuwa na mtoto wa kiume, Salehe, na mkwe, Rukaiya. Rukaiya alishapoteza mimba kabla, tena si mara moja, na nyumba ile ilikuwa imejifunza kutembea kwa kunyata kila alipopata nyingine. Safari hii mimba ilikua mpaka ikawa kubwa. Bi Zaituni alishona nguo za mtoto kwa mkono wake, na jina alikuwa nalo tayari, maana kwao mjukuu wa kwanza wa kike hubeba jina la bibi mzaa baba.

Siku moja ya gulio Rukaiya alishuka sokoni kununua ndizi. Waliambiwa uchungu bado. Lakini uchungu hausomi kalenda.

Aliingia chooni, kikapu akamwachia Bi Mlango. Wakaingia wengine, wakatoka, wakachukua vikapu vyao. Kikapu cha Rukaiya kikabaki. Bi Mlango akakitazama, akatazama mlango. Akabisha, kimya. Akaita, akasikia mguno mdogo. Maisha yake yote hakuwahi kufungua mlango juu ya mtu, na aibu ya jambo hilo ilimshika kweli. Kisha akaweka bega, komeo likakatika. Rukaiya alikuwa chini, chupa imeshapasuka, sauti haimtoki. Bi Mlango akavua kanga yake ya juu, akamfunika, akamwinua mpaka nje, akapiga kelele ambayo soko halikuwahi kuisikia kutoka kwake.

Bi Gurudumu alikuwa anapita, amepakia robota la vitenge, jipya, halijafunguliwa. Alikuwa analipeleka dukani kwa Bi Zaituni. Mvua ilikuwa imenyesha, chini kulikuwa tope tupu. Akamwona mwanamke aliyejikunja kwenye mikono ya mwenzake. Hakuuliza ni nani. Alishika vishikio vya mkokoteni akavinyanyua juu, robota likaenda topeni, na pale alipolilaza robota kwa uangalifu asubuhi ile akamlaza Rukaiya. Akaanza kusukuma kuelekea mlimani.

Hakufika mbali. Njia ilikuwa imefungwa na watu. Alipiga kelele, "Nipisheni, kuna mgonjwa!" Siku ya gulio kila mwenye mzigo husema ana mgonjwa, hata mwenye matenga ya nyanya, hivyo hakuna aliyegeuka. Bodaboda mmoja alijaribu kuwasaidia kwa honi, akatukanwa. Ndipo Bi Fagio akatokea kutoka kwenye vibanda vya dagaa, akaona. Akaushika ufagio wake kwa mikono miwili, akatangulia mbele ya mkokoteni, na bila kuomba samahani hata kidogo akaanza kufagia miguu ya watu, kulia na kushoto. Laiti mngeona wenyewe! Vijana waliruka kama wamekanyaga siafu. Wasichana walipanda juu ya magunia ya viazi. Mzee mmoja mwenye wake wawili alirukia kibanda cha muuza chumvi. Njia ikafunguka kutoka bondeni mpaka zahanati, na mkokoteni ukapita bila kusimama tena.

Mtoto alizaliwa hata kabla muuguzi hajamaliza kuvaa glavu. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Muuguzi akakitoa, akampigapiga mgongo, na mtoto, wa kike, akalia.

Nje, Bi Zaituni alikuwa amefika, anahema, na kipande cha kitenge chenye tope mkononi. Alikuwa ameambiwa robota lake limemwagwa, hakuambiwa kwa nini. Akamkuta Bi Gurudumu amekaa kwenye ngazi na wenzake wawili. Akamsema pale pale, mbele ya watu: miaka yote anasukuma mkokoteni, hata hilo moja la kusukuma mkokoteni hajalijua? Bi Gurudumu alikuwa bado anaitafuta pumzi. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoa kichwa.

"Bibi wa mtoto wa Rukaiya ni nani hapa? Mshukuruni Mungu, na muwashukuru hawa. Mngechelewa kidogo tu, nisingekuwa na cha kuwapa."

Bi Zaituni akaingia ndani. Kitenge kilibaki kwenye ngazi.

Siku ya saba ikawa akika, na maalimu akaitwa amnong'oneze mtoto jina lake sikioni. Rukaiya alituma watu wawaite akina mama wale watatu, na walikuja wamevaa vizuri. Wakakaa karibu na mlango, upande wa wapishi, na Bi Mlango, kwa mazoea, akaanza kushikia wageni viatu na mikoba. Rukaiya akatoka ndani na mtoto, akawashika mikono mmoja mmoja, akawakalisha kwenye mkeka wa mbele. Mkoba wa mtu mmoja ulibaki kwapani mwa Bi Mlango, naye akakaa nao hivyo hivyo.

Rukaiya akawaambia waliokuwepo kwamba mtoto huyu ataitwa jina la mmoja wa hawa. Yeye hana kitu kingine cha kutoa kinacholingana na walichompa.

Watu wakamtazama Bi Zaituni. Naye, msimchukie, alikuwa amemsubiri miaka mingi mjukuu wa kubeba jina lake. Akasema mjukuu wa kwanza hubeba jina la bibi yake, hiyo ni desturi, hakuitunga yeye. Hapo angenyamaza ingekuwa heri. Akaongeza: "Na mtoto aitwe jina la mlinda choo? Akikua, watu watamwambiaje?"

Bi Mlango akauliza, wala si kwa hasira.

"Bi Zaituni, hilo jina langu unalijua?"

Bi Zaituni akafungua mdomo. Akamgeukia jirani yake, jirani akaangalia sahani. Akamtazama maalimu, maalimu akakohoa. Nyumba nzima ilikuwa inabishana juu ya jina ambalo hakuna aliyelijua.

"Mimi lako nalijua," Bi Mlango akasema. "Na la marehemu mama yako nalijua. Naye nilimshikia kikapu."

Bi Zaituni aliondoka pale alipokaa, akaja kukaa mkekani mbele yake, magoti kwa magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Niambie, dada yangu."

"Mwanamvua."

Akamgeukia wa pili. "Nyamizi," akasema Bi Gurudumu.

Akamgeukia wa tatu. "Chausiku," akasema Bi Fagio.

Bi Zaituni akayarudia yote matatu, taratibu, moja baada ya jingine, kisha akasema: "Asanteni. Nilipaswa kusema siku ile kwenye ngazi, nikawa naangalia tope kwenye vitenge. Jina langu nalitoa. Kama si ninyi, nisingekuwa na mjukuu wa kumpa. Chagueni katika hayo matatu."

Salehe, kama wanaume wote wanaotaka kula mapema, akapendekeza mtoto aitwe yote matatu. Maalimu akakataa. "Jina la mtoto," akasema, "ni lile mama yake atakaloita akimwona anakimbilia moto. Na hapo hataita matatu."

Ndipo wale akina mama wakaanza. Nanyi mlifikiri watasukumiana, chukua wewe, hapana chukua wewe? Walilitaka, kila mmoja, na sioni aibu kuwasemea. Mtu aliyeitwa kwa ufagio wake maisha yote, asikie sokoni jina lake mwenyewe likiitwa kwa mapenzi, anaitwa mtoto anayependwa, arudi kula ubwabwa! Hilo si jambo dogo.

Mwanamvua akasema: "Nisingevunja lile komeo, ninyi mngesukuma nani na kumfagilia nani njia?"

Nyamizi akasema: "Ulivunja, sawa. Ungebaki naye pale nje unapiga kelele. Kelele haipandi mlima na mtu mgongoni. Mimi nilimwaga mzigo wa watu kwa mara ya kwanza, na nikatukanwa."

Chausiku akasema: "Ukasukuma, ndiyo, mpaka kwenye watu, ukakwama. Mimi ndiye niliyefagia miguu ya Kwemzingi nzima. Mpaka leo kuna wasichana hawanisalimii, wanasubiri kuona kama wataolewa."

Watu wakacheka mpaka mtoto akaamka. Bi Zaituni alicheka na machozi yake hayajakauka.

Maalimu akampokea mtoto mikononi. Akainama, mdomo wake ukawa karibu na sikio la kulia la mtoto. Akamtazama Rukaiya amwambie jina. Rukaiya akamtazama Mwanamvua, akamtazama Nyamizi, akamtazama Chausiku, na machoni mwa kila mmoja aliona kitu kile kile.

Mimi naishia hapo.

Mmoja alivunja mlango asiowahi kuvunja. Mmoja alimwaga mzigo asiowahi kumwaga. Mmoja alifagia miguu asiyowahi kugusa. Na wote watatu siku hiyo walikuwa pale pale.

Nawaona mmeshanyoosha mikono. Ngojeni. Nina sharti moja kabla ya kujibu. Yupo mtu anayefagia mbele ya mlango wako, au anayebeba takataka zako, au anayekufungulia geti kila siku. Asiyejua jina lake ashushe mkono, aende akamuulize, ndipo arudi.

Wewe uliyebaki na mkono juu, nakusikiliza. Mtoto yuko mikononi mwa maalimu, na watatu wanasubiri. Je, wewe ungeamua vipi?