Jina Alilolificha Hogla

Wamesimulia waliotutangulia, nao walisimuliwa, kwamba katika Bani Israili wa kale palikuwa na mwanamke mcha Mungu aitwaye Hogla, mke wa Elidadi mkamua zeituni. Baba yake alikuwa mwandishi wa vyuo vitakatifu, na binti alisoma kwa kusikiliza tu huku akimchanganyia wino. Basi wanawake wa kijiji wakijifungua humwendea yeye awachagulie jina katika maandiko. Na siku ya nane, mtoto anapotahiriwa, Hogla ndiye humpakata mbele ya watu, akaeleza maana ya jina na habari za aliyeitwa nalo kwanza. Ndiyo ilikuwa ada yao.

Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Na lilikuwapo jina moja ambalo hakumpa mtu: Samweli. Bibi Hana, aliyekaa tasa huku mke mwenzake akimsimanga, alimpa mwanawe jina hilo dua yake ilipojibiwa, kwa kuwa alimwomba kwa Mwenyezi Mungu. Hogla alilitunza kwa ajili ya mwanawe atakayekuja. Mtu akilitaka, humwambia hilo ni zito, halimfai mtoto wa hapa. Miaka ishirini na miwili halikumtoka kinywani ila akiwa amesujudu.

Ndipo Elidadi akaoa mke wa pili, Atara, msichana wa kucheka ovyo, hata kilemba hajui kukifunga kikakaa. Mwaka haukuisha, tumbo hilo. Majirani nao, Mungu awasamehe, wakawa wanakuja kwa Hogla kuazima ungo, na nyungo wanazo, ili wauone uso wake tu. Uso aliutengeneza. Ndani wivu ulimla. Atara akitapika asubuhi, Hogla huona anatapikiwa yeye. Elidadi akileta tini, jicho lake hutafuta zilizoiva zimekwenda upande gani.

Atara akazaa mtoto wa kiume. Siku ya tatu alimwita mwenzake.

“Dada, mimi sijui chuo. Mtoto huyu nimemwomba Mungu mpaka nikaona haya. Nitafutie jina linalosema hivyo.”

Hogla alilijua. Lilimfika kwenye ulimi, akalimeza, akasema, “Ikabodi.”

Atara alilirudia mara tatu, akaupenda mlio wake. Akauliza maana. Hogla akamwambia atasikia siku ya nane pamoja na wenziwe.

Jina lile alilitoa mama mmoja aliyekufa katika uzazi, siku ambayo mumewe aliuawa vitani na sanduku la agano likatekwa. Maana yake, utukufu umeondoka. Mtoto angelibeba mpaka kaburini, na kila msomaji apitaye angemtazama kwa huruma. Lakini Hogla alikwisha panga. Atasema kwamba ndani ya jina hilo umo utukufu, kisha anyamaze. Uongo uko wapi hapo? Alijiuliza hivyo katikati ya sala, na sala ikamharibikia.

Siku ya nane ua ulijaa. Siku zote saba Hogla hakumshika mtoto hata mara moja, kila akipewa ana unga mikononi. Sasa ada ilimlazimisha. Alipompakata tu, mtoto akamkojolea, watu wakacheka, na jirani mmoja aitwaye Serahi, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, akasema, “Tuambie jina basi, Bi Mkubwa. Au mikono imeshangaa, haijazoea?”

Atara akamjibu kabla ya mwingine. “Mwache dada yangu. Mtoto huyu ana mama wawili, na mwenye elimu ni huyo.”

Inasemekana Hogla alisimama hapo kama aliyemwagiwa maji. Miaka yote alijiona yeye ndiye Hana. Leo akajiona mahali pa yule mke mwenza aliyemsimanga Hana.

Akasema, “Jina nililompa ni Ikabodi. Maana yake, utukufu umeondoka. Nililichagua nikiijua maana, kwa wivu. Lile aliloliomba mama yake ninalo, nimemnyima.”

Mwalimu aliyekuja kumtahiri mtoto akaweka chini kisu chake. Atara, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakucheka.

“Hilo ulilonalo ni lipi?” akauliza.

“Nililiweka kwa ajili ya wangu.”

“Najua ni la wako. Nimeuliza ni lipi.”

“Samweli,” akasema Hogla, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaeleza maana yake na habari za Hana, neno kwa neno, asiache kitu, machozi yakimdondokea mtoto.

Atara alikaa miezi miwili hasemi naye ila salamu. Hogla akasubiri, wala hakujitetea. Mtoto wa tumbo lake hakupewa kamwe. Lakini siku moja yule mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza ajifunze kutambaa, alikuwa akielekea kwenye majivu ya moto. Hogla akaita, “Samweli.” Mtoto akageuka.

Miaka ishirini na miwili alikuwa ameliita jina lile, na hakuna aliyewahi kugeuka.

Wivu haukumtoka siku ile, asikudanganye mtu. Aliutubia mpaka uzeeni. Nasi tumwombe Mola atupe nguvu ya kutoa kile tulichokificha, angali yupo wa kukipokea.