Zimwi Lililouliza Saa ya Kuzaliwa

Sogeeni wenzangu, niwasimulie. Palikuwa na zimwi mnajimu lililolinda kisima. Waliozaliwa mchana liliwala. Wa usiku liliwaogopa, kwani mwezi uliwalinda. Mwongo lilimjua kwa harufu.

Siku moja likamkamata msichana Mize akiteka maji. "Ulizaliwa mchana au usiku?"

Mize akachanganyikiwa. Mama yake alisema jua lilikuwa limechomoza. Shangazi alisema mwezi ulikuwa unang'aa. Mkunga alisema vyote viwili.

"Sijui, babu."

Zimwi likapiga ramli mchangani. Likachora jua, likafuta. Likachora mwezi, likafuta. Likachora vyote viwili, likashika kichwa. "Chota uende, mwezi usije ukaniua!"

Nyumbani mama akauliza, "Zimwi limekuachaje?"

Mize akashusha mtungi. "Hata hilo silijui, mama."

Ngano yangu imefika kwake. Nanyi fikeni kwenu.